Theluji Niliyoichora Gombani

Akina mama wenzangu, mimi ni mchoraji. Sisemi mchoraji wa picha za kuonyeshwa katika majumba ya wageni. Riziki yangu ni vibao vya maduka, majina ya mashua, herufi na wanyama katika kuta za shule za watoto, na mara moja moja picha ya sebuleni kwa mtu aliyemaliza kujenga. Ninaishi Gombani, kisiwani Pemba, karibu na uwanja wa mpira, mahali ambapo hata wakati wa kipupwe, mwezi wa Julai, tunalala kwa shuka moja. Hata hivyo, katika picha zote nilizopata kuchora, inayokaa moyoni mwangu kuliko nyingine ni ya shamba la Uingereza lililofunikwa na theluji. Wageni wakiiona huniuliza niliishi huko miaka mingapi. Sikuishi hata siku moja.

Aliyeniagiza picha hiyo ni jirani yangu, mama mtu mzima wa hapa hapa Pemba. Yeye ni Mwislamu na mimi ni Mlutheri, na kwa miaka mingi tumekopeshana chumvi na kuangaliana watoto. Mimi nilizaliwa Machame, chini ya Mlima Kilimanjaro, nikafika huku kwa kumfuata mume wangu alipohamishwa kikazi. Jirani huyu ndiye aliyenifundisha kukuna nazi bila kujikata vidole.

Ana mtoto wa kiume aliyeondoka Januari 2001. Wasomaji wa umri wangu wataukumbuka mwezi ule: maandamano ya baada ya uchaguzi, risasi, vilio, na watu zaidi ya 2,000 waliovuka bahari mpaka Shimoni, pwani ya Kenya. Mwanawe alikuwa mmoja wao, kijana ambaye ndevu zilikuwa hazijamtoka sawasawa. Kutoka Shimoni njia yake ilizunguka sana, mwisho ikamfikisha Uingereza, na huko ndiko aliko mpaka leo. Ana kazi ya usiku, ana mke, ana watoto wawili ambao bibi yao anawajua kwa sauti na kwa picha za simu. Safari ya kuja kusalimia imepangwa mara nyingi na kila mara imevunjika. Mara makaratasi, mara nauli, mara uzazi. Baba yake alipofariki alizikwa siku ile ile kabla ya alasiri, kama ilivyo desturi, na kijana aliyasikiliza mazishi kwa simu iliyoshikwa juu na binamu yake makaburini.

Basi mwaka mmoja, mwezi wa Januari, karafuu za mwisho zikiwa bado zimeanikwa majamvini, jirani yangu alikuja kwangu ameifunga simu katika pindo la kanga.

"Fundi," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "hebu nitazamie hapa anapokaa mwanangu."

Ilikuwa picha iliyopigwa asubuhi kutoka dirishani, kijana alipokuwa ametoka kazini. Shamba wazi nyuma ya nyumba, uzio wa mbao, mti mmoja mtupu, jua la chini sana, na kila kitu cheupe. Hakukuwa na mtu wala mnyama.

"Hakuna jani," akasema. "Hakuna hata jani la kumpa mbuzi."

Alitaka nimchoree mahali pale, pawe pakubwa, apatundike ukutani. Simu ikiisha moto, alisema, ni kama mwanawe naye amezimika, naye amechoka kumtafuta kwa chaji. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua juu yake. Yeye huuza barafu za ukwaju, zile za vifuko vya nailoni wanazozipenda watoto wa shule. Usiku akienda kuzipanga kwenye friji, hutia mkono wake ndani katikati ya barafu na kuuacha humo mpaka usipovumilika. "Kisha mimi nautoa," akasema. "Yeye anautoa wapi?"

Usiku ule niliifungua Mithali sura ya 31. Katika sifa za yule mwanamke mwema, mstari wa 21 unasema kwamba haihofii theluji kwa ajili ya watu wa nyumbani mwake, kwa kuwa amewavika. Katika vikao vyetu vya akina mama nimeusikia mstari huo ukisomwa pengine mara hamsini, na kila mara tuliupita upesi, maana theluji ina habari gani na sisi? Tulikaa zaidi kwenye kuamka mapema na kusokota. Sasa jirani yangu, asiyeisoma Biblia, alikuwa akiihofia theluji kwa mtu wa nyumbani mwake kila usiku wa Mungu, na nguo ya kumfikishia hana. Nikaamua kuichora, ingawa sikujua nianzie wapi.

Lugha yetu yenyewe haikunisaidia. Neno barafu limetoka kwa Waajemi, na kwao lina maana ya theluji. Neno theluji limetoka kwa Waarabu, nao wanalitumia kwa theluji na kwa barafu pia. Wazee wetu wa pwani walipokea maneno yote mawili bila kuwa na kitu chenyewe. Nasi tumelipa la kwanza friji, na la pili tumeliachia Biblia na vitabu vya jiografia.

Mimi angalau niliiona kwa mbali. Machame mlima huonekana asubuhi na mapema, kisha mawingu hushuka na kuufunika mpaka jioni. Utotoni tulikuwa tukienda kuteka maji tunaiona Kibo nyeupe juu ya migomba, nasi hatukuishangaa, kama mtoto wa Pemba asivyoishangaa bahari. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima huo Mei 1848 na kuandika kwamba una theluji, wataalamu kadhaa wa Ulaya hawakukubali. Theluji karibu na ikweta! Ilichukua miaka mingi kabla ya neno lake kuaminiwa. Katika maandishi yake anaeleza kwamba mwenyeji aliyemwongoza aliuita weupe ule baridi tu, basi. Ninampenda mwongozaji huyo. Hakuwa na jina la kitu, akataja kinavyoufanya mwili.

Sitaficha kwamba wapo walionikataza. Dada mmoja tunayeabudu naye alinijia juu. Alisema sisi tulilelewa na kadi za Krismasi zenye mapaa yenye theluji na vijumba vya Kizungu, mpaka watoto wetu wakadhani Bwana Yesu alizaliwa kwenye baridi ya Ujerumani. Na leo mchoraji Mwafrika, katika kisiwa cha karafuu, anairudia theluji ile ile? Hoja yake si nyepesi. Mwaka 1959 Elimo Njau, mwana wa Marangu, alichora katika kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya, habari za Yesu tangu kuzaliwa mpaka kusulubiwa, na watu wote ni Waafrika, na vilima ni vya pale pale Murang'a. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, kwa hiyo msalaba ule haukuwa hadithi ya mbali kwa waliouona. Kama ningekuwa nimeagizwa picha ya Krismasi, ningemsikiliza dada yangu mara moja.

Lakini nilimkumbuka mchoraji mwingine, na huyu ni wa Machame kwetu: marehemu Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923. Alisoma Makerere, kisha miaka ya 1950 akaenda London katika shule ya sanaa ya Slade, na baada ya Uhuru akarudi huko akiwa balozi wetu. Mtu huyu alikaa katika baridi ya Waingereza, na picha zake zimejaa migomba, mifereji na watu wa Uchagani wakifanya kazi. Picha yake moja ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka mbege kwa bibi harusi usiku (akina mama mnisamehe, ni mila tu), iko katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Yeye alichora nyumbani kwa sababu alikuwa mbali. Mimi nilitakiwa kuchora mbali kwa sababu mtu wa nyumbani yuko huko. Nilimweleza hivyo dada yangu. Hakukubali, ila aliniletea brashi mbili alizonunua Dar es Salaam, na mpaka leo hatujamaliza mjadala.

Seremala akanitengenezea fremu ya futi nne kwa tatu, nikawamba kitambaa cha marekani, nikakipaka rangi ya maji tabaka mbili kikakauka. Kisha nikaanza na rangi nyeupe ya mafuta, ile ya milango, nikaitandaza kutoka chini mpaka juu kidogo ya katikati. Asubuhi ya tatu jirani yangu akaingia kutazama. Alisimama mlangoni, akainamisha macho.

"Fundi," akasema taratibu, "hii sanda."

Alikuwa amesema kweli. Nyeupe tupu haikuwa theluji. Ilikuwa kitambaa kilichonyooshwa, na sisi wanawake tunajua hunyooshwa lini. Nikakigeuzia kitambaa ukutani, na kwa wiki nzima sikukigusa.

Aliyenifungulia njia ni yeye mwenyewe, bila kukusudia. Alikuwa uani akisuuza kanzu za Ijumaa za wajukuu wake, nami nikamwona akitia buluu ya kufulia, kipande kidogo kimefungwa katika kitambaa, akikizungusha ndani ya beseni. Kila mama wa pwani anajua kwamba kanzu haing'ai kwa sabuni peke yake. Bila buluu itakuwa safi lakini itaonekana imechoka. Nikasimama pale na ndoo yangu kama niliyepigwa na bumbuazi. Nyeupe inataka buluu!

Nilikwenda kwenye friji yangu, nikakwangua kwa kijiko ule utando mweupe unaoota pembeni, nikautandaza juu ya kikaango kilichoungua, nikautoa nje juani. Nilikuwa na dakika chache kabla haujawa maji. Upande uliopigwa na jua ulikuwa na umanjano kidogo, kama mtindi. Upande wa kivuli, jamani, ulikuwa buluu kabisa. Baadaye nilielewa sababu yake: mahali ambapo jua halifiki huangaziwa na mbingu, na mbingu ni buluu, na kitu cheupe hakina rangi yake ya kujitetea, hupokea kila kinachokiangukia. Nilikwangua friji lile mara saba au nane siku ile, mpaka watoto wakauliza kama limeharibika.

Mfaransa Claude Monet aliyaona hayo zamani. Yeye alichora shamba la theluji lenye uzio, na juu ya lango ametua ndege mmoja mweusi na mweupe, na vivuli vyote vya uzio ni buluu. Wakubwa wa maonyesho ya Paris waliikataa picha hiyo mwaka 1869. Leo iko katika jumba la Orsay, mji ule ule. Nilimwonyesha jirani yangu picha hiyo kwenye simu. Akaitazama sana, akasema, "Huyu alikuwa anafua."

Mwingine aliyenisaidia ni Pieter Bruegel, mchoraji wa nchi ya Flanders, aliyechora wawindaji wakirudi kijijini katika theluji, mwaka 1565. Picha hiyo iko Vienna, na wengi wenu huenda mmeiona kwenye kalenda bila kujua jina lake. Wawindaji wametupa kisogo, mbwa wamechoka, windo lote ni mbweha mmoja, na chini bondeni watu wanateleza juu ya madimbwi yaliyoganda. Nilichojifunza kwake ni mbingu. Mbingu yake ni ya kijani cha kijivu, na barafu ya madimbwi ni rangi ile ile, na hapo ndipo ubaridi ulipo. Nilikuwa nimeipaka mbingu yangu rangi ya Pemba, buluu ya furaha. Nikaifuta yote kwa tapentaini.

Baada ya hapo kazi ikanishika. Nilichora asubuhi, watoto wakiwa shule, kabla ya jua kulipasha bati. Masika ikaingia, mvua ikawa inapiga juu ya paa hata usisikie redio, nami nimekaa mbele ya shamba lisilo na sauti yoyote. Wateja wangu wa siku zote hupenda picha ijae: akilipia futi kumi na mbili anataka futi kumi na mbili za rangi, na penye nafasi uweke ndege. Kwa miaka yote nilikuwa nikijaza. Sasa picha hii ilinitaka niache. Kila nilipoongeza kitu, uzio wa pili, kichaka, moshi, ilikuwa kama kuzungumza msibani. Nikaondoa kimoja kimoja mpaka ukabaki uzio mmoja, mti mmoja, kivuli kirefu cha mti, na weupe mpana mbele wenye umanjano upande mmoja na buluu upande wa pili. Sijapata kuwa na furaha ya namna ile mbele ya kazi yangu. Kuna siku nilikaa tu kuutazama ule weupe, sufuria ikaungua jikoni, na sikujuta sana.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyojisikia jirani yangu alipokuja kuikagua mwisho. Aliisifu. Alisema sasa si sanda, sasa ni mahali. Kisha akauliza:

"Mbona hamna mtu?"

"Hata kwenye simu hamna mtu, mama."

"Kwenye simu yeye yuko nyuma ya simu," akanijibu. "Hapa yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaniomba nitie nyayo. Mtu akipita mahali kama pale, si huacha nyayo? Hakutaka sura, alisema sura sitaipata. Alitaka nyayo tu.

Nilikaa siku nne nikiwa na uchungu. Ule weupe wa mbele ndio uliokuwa roho ya picha, ndio niliouhangaikia miezi mitatu, na alama ukiitia juu yake huwezi kuificha tena. Nilifikiri kumchorea picha ya pili na kubaki na ile safi. Nilifikiri kumwambia kwamba mchoraji ni mimi. Lakini kila nilipojiandaa kusema, nilikuwa nauona ule mkono ndani ya friji.

Siku ya tano nikamwita, nikamwuliza swali moja: nyayo zinakwenda au zinakuja?

Alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya ndizi. Aliacha kumenya. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani hakunisikia.

"Zinakuja," akasema.

Niliwapeleka wanangu ufukweni maji yakiwa yamekupwa, nikamwambia mkubwa atembee kuja kwangu juu ya mchanga mbichi. Mtu anayekuja huzamisha ncha ya mguu upande wako, na hatua za mbali ni ndogo na zimebanana, za karibu ni kubwa na zimeachana. Nikarudi nikazichora, buluu nzito ndani ya kila shimo na ukingo mdogo wa manjano palipoguswa na jua. Zinaanzia kwenye uzio, zinapita chini ya kivuli cha mti, zinakuja zikikua, na hatua ya mwisho imekatwa na ukingo wa chini wa picha, nusu imo na nusu imetoka. Nilipomaliza nikaitazama. Kwa kweli nilikuwa nimeupoteza ule weupe wangu, na sikuweza kusema picha imeharibika.

Tuliitundika sebuleni kwake, mkabala na mlango, juu ya kabati la vyombo. Alinilipa kidogo kidogo, kwa fedha za barafu za ukwaju, mpaka zikatimia. Nilipotaka kumsamehe sehemu alikasirika. Jioni ile ile alimpigia mwanawe simu ya picha, akaielekeza ukutani. Kijana akacheka kwanza. Akasema theluji ile haikufika hata saa saba mchana, iliyeyuka yote ikabaki tope. Kisha akasogeza uso karibu na simu.

"Mama, nani huyo kapita?"

"Nani tena," akajibu mama yake.

Upande wa pili pakawa kimya. Halafu tukasikia sauti ya mkewe ikisalimia, simu imebadilisha mikono.

Mimi nami nimewamba kitambaa kingine, kidogo zaidi, na hiki hakuna aliyekiagiza. Ni Kibo kama nilivyoiona nikienda kuteka maji. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilipimwa ikawa kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 ilikuwa haifiki hata 2. Kaka yangu wa Machame amenitumia picha alizopiga alfajiri, na weupe uliobaki naweza kuufunika kwa kidole gumba. Sijaamua nichore mlima wa kaka yangu au wangu. Mpaka sasa nimechora migomba tu.